Dada, nimechoka kuwa baba wa wadogo zangu

Wiki hii barua zilikuwa nyingi lakini nimeamua kukaa na moja tu mpaka niimalize, imetoka Makambako mkoani Njombe. Majina nimeyatoa, sehemu nyingine nimepunguza, ila maneno ni ya kwake mwenyewe.

SWALI

Shikamoo Dada. Mimi ni kijana wa miaka 27 niko Makambako, naendesha boda. Naandika hii ni saa tisa na nusu usiku niko barabarani hapa nasubiri basi la kutoka Dar, maana tangu 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku na sisi tumepata kazi ya usiku, mtu anashuka na mabegi yake saa hizo anataka kufika kwao, na baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba unaisikia Dada, vidole vinakufa ganzi kwenye klachi mpaka unavipuliza ndo vinarudi.

Kwetu mimi ndo kifungua mimba, tuko wanne. Baba alifariki 2019. Siku ya maziko watu wameshakula kikao kimekaa, baba mdogo akanishika bega mbele ya ukoo wote akasema sasa wewe ndo baba wa hii nyumba, watu wakaitikia na mimi nikaitikia. Wakati huo nilikuwa na nafasi chuo cha ufundi nikasome umeme wa magari, nikaiacha, sikumwambia mtu.

Mama alikuwa anauza chakula pale stendi, kusema ukweli yeye ndo alikuwa anatushikilia. Miaka miwili imepita presha ilipanda ikampiga kiharusi upande wa kulia. Sa hivi anakaa, anaongea kwa shida ila ukimsikiliza unamuelewa, mkono wa kushoto anachambua maharage. Anayenifuata ni wa kike yuko chuo cha afya mwaka wa pili, wa tatu yuko kidato cha nne, wa mwisho wa kike yuko darasa la sita, huyo ndo anamuogesha mama asubuhi kabla hajaenda shule maana mimi mtoto wa kiume siwezi. Afu kuna bibi kijijini naye ananiangalia mimi.

Pikipiki ni ya mkataba, bosi nampelekea hesabu 10,000 kila siku kwa miezi 13, nimebakiza miezi minne iwe yangu. Siku nzuri napata 25,000, nikitoa hesabu na mafuta inabaki kama 8,000, hapo ndo unga, dawa, sabuni, nauli ya mtoto, kila kitu. Mwezi wa tatu yule wa chuo alinipigia analia kwamba asipomalizia ada hafanyi mtihani, nikaenda kuchukua 200,000 kwa wale wa kausha damu, marejesho 10,000 kila siku kwa mwezi mzima. Nilishindwa katikati, wakaja wakachukua redio na subufa, mama akiwa amekaa anawaangalia. Bado wananidai 120,000.

Baba mdogo anasema tuuze miti. Baba alituachia ekari mbili za paini alizopanda 2014, mnunuzi ameshampata yeye mwenyewe, anasema hela ikija itagawanywa kiukoo. Nikimuomba hata ya dawa anasema na yeye ana watoto.

Nina mchumba mwaka wa nne huu, kwao wanauliza naenda lini na mimi sina cha kupeleka.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki iliyopita nilirudi asubuhi nikalala. Mama akaniita, nikakaa kimya, akaniita tena, mara ya tatu nikamjibu "na wewe mama kila saa". Akanyamaza. Hakuniita tena. Nimekuja kuamka saa nane mchana namkuta amejikojolea na amekaa hivyohivyo anaangalia dirishani. Dada tangu siku hiyo sina amani. Kuna mwenzangu yuko Tunduma anasema niende, mpakani hela ipo, nibadilishe laini nianze upya. Nikiondoka nitakuwa nimekosea? Nijibu tafadhali.

Kifungua mimba, Makambako

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara nne.

Naanza na mama, maana hayo mengine yote ungeweza kuyabeba mwaka mwingine, ila hili la mama ndo limekuvunja. Leo ukirudi usilale kwanza. Kaa chini karibu naye, mwambie mama siku ile nilikosea, nilikuwa nimechoka nisamehe. Basi. Usimnunulie kitu, usijieleze sana. Yule mwanamke ameuza chakula stendi miaka, amekutana na watu waliochoka wakamjibu ovyo kila siku, anaujua uchovu ukoje, ila amekaa hapo anafikiri amekuwa mzigo kwako na hilo ni wewe tu unaweza kulifuta kwa mdomo wako.

Halafu kuna vitu vidogo vya kumsaidia asikuite kila saa. Chukua kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha kawaida, kata tundu katikati ulisugue lisimkwaruze, chini weka ndoo, kiti kiegemee ukuta na kiwe upande wake mzima wa kushoto ili ajishike mwenyewe ahamie. Wengi waliouguza kiharusi nyumbani wanakijua hiki kiti. Ule mkono wa kulia kunja kitambaa safi kama soseji ashike kiganjani, asiuache umejikunja, vidole vikizoea kufumba baadaye kuvifungua ni maumivu. Mkienda hospitali ombeni anayefanya mazoezi ya viungo awaonyeshe wewe na wadogo zako mnavyoweza kumnyoosha nyumbani, na dawa za presha asiache hata siku akijisikia vizuri, hasa siku hiyo ndo asiache, kiharusi cha pili kinawakuta wengi waliojiona wamepona.

Sasa nikwambie kitu changu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Mimi nimesomeshwa na kaka. Baba yetu alikuwepo ila hakuwepo, kaka alikuwa utingo wa lori, na nikimtumia ujumbe kwamba shuleni wanataka kitu, hela ilikuwa inaingia siku hiyohiyo, na kila mara ilikuwa na ya kutolea juu yake. Nikisema 20,000 inaingia 20,000 na ya kutolea. Nikimpigia kumshukuru anasema mambo safi mdogo wangu wewe soma. Mimi nikaamini mambo ni safi! Nikawa naomba na vya ziada, nikaomba hela ya sare ya mahafali, nikaomba simu. Nimekuja kujua nikiwa na kazi yangu, tena kwa mtu mwingine, kwamba ile miaka alikuwa analala kwenye kabini ya lori gereji kwa sababu chumba alishindwa kulipia, na ile simu yangu ilikuwa ni yake, alifuta namba zake akanipa. Mdogo wangu nililia, ila pia nilimkasirikia, mpaka leo kuna sehemu bado nimemkasirikia. Kwa sababu kama angeniambia ningekula ugali na maharage bila simu na ningemaliza shule vilevile. Alininyima nafasi ya kuwa ndugu yake, akanifanya mteja.

Kwa hiyo nakuuliza. Huyo wa chuo anajua kuhusu kausha damu? Anajua subufa lilienda wapi? Mimi nina hakika hajui. Wewe mwenyewe umeandika kwamba chuo cha ufundi ulikiacha hukumwambia mtu. Umekuwa unaficha tangu ukiwa na miaka 21, na kuficha nako kunachosha, pengine kuliko hiyo baridi ya saa tisa usiku.

Na kuna mtu kwenye barua yako umempitia kwa haraka sana. Darasa la sita ni mtoto wa miaka 12 hivi. Anaamka saa ngapi huyo? Anachota maji, anayapasha, anamvua mama yake nguo, anamuogesha, anamvalisha, ndo anaenda shule, na kwa baridi yenu hiyo. Umesema unabeba peke yako na mimi nakuelewa kwa nini unajisikia hivyo, lakini hauko peke yako, mwenzako ana miaka 12 na hajaandika barua. Ukienda Tunduma ukabadilisha laini, mzigo hautabaki kwa baba mdogo. Utabaki kwake. Hiyo ndo sababu yangu ya kukwambia usiende, sio laana wala watu watasema nini.

Na hata kwa hesabu tu Tunduma haikulipi. Miezi minne kwa 10,000 kwa siku ni 1,200,000. Ukiimaliza, ile 10,000 ya bosi inakuwa ya nyumbani kwenu kila siku, karibu 300,000 kwa mwezi, zaidi ya unachobaki nacho sasa hivi. Ukiondoka leo miezi tisa yote uliyolipa umemzawadia bosi. Umeshapanda mlima umefika karibu na kilele, unataka kurudi. Ila hakikisha mkataba wenu umeandikwa na una sahihi, kama mlikubaliana kwa mdomo nenda na shahidi mmoja kijiweni mkauandike wiki hii, na uandikwe kwamba siku ya hesabu ya mwisho anakupa kadi na mnaenda kubadilisha jina. Vijana wengi wamemaliza miezi yote wakaambiwa kadi imepotea.

Cha kufanya Jumapili. Yule wa chuo arudi nyumbani kama nauli si kubwa, kama haiwezekani mpigie simu muiweke sauti ya juu. Kaeni wote, mama awe katikati, asikae chumbani. Toa daftari, andika kilichoingia mwezi uliopita na kilichotoka, na deni la 120,000 liandike, na chuo ulichokiacha kitaje. Usiseme kwa kuwalaumu, wasomee tu. Watalia, waache walie. Halafu nyamaza, usiwe wewe wa kutoa majibu. Uliza tufanyeje. Utashangaa, wa kidato cha nne atasema kitu, ni kijana huyo, anaweza kuamka amchotee dada yake maji, anaweza kushika zamu ya mchana wewe ulale saa tano zilizonyooka. Na kumuogesha mama, mtafute shangazi au mama jirani hata mara tatu kwa wiki, wamama wa stendi waliouza naye wapo, umewahi kuwaomba? Wanawake wa namna hiyo wakiombwa wanakuja, wasipoombwa wanafikiri mnaye mtu.

Mama naye muulizeni. Kiharusi kimechukua mkono na mguu, hakikuchukua akili. Inawezekana anajua karatasi za baba ziko wapi, anajua nani alikopa nini. Mmemuweka pembeni kama mgonjwa wakati yeye ndo mkubwa wa nyumba, siyo wewe, na siyo baba mdogo.

Miti sasa. Hapa nisikilize vizuri. Paini ya 2014 bado ina thamani mbele, na wanunuzi huku kwetu nyanda za juu wanajua kabisa nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina ada, wanakuja siku hiyo. Usiuze kwa haraka. Zaidi ya hapo, baba mdogo hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu wala kuigawa kiukoo wakati mjane na watoto wapo, mpaka ateuliwe msimamizi wa mirathi. Nenda Mahakama ya Mwanzo waeleze baba alifariki 2019 na mirathi haijafunguliwa, watakwambia utaratibu, utahitaji cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia kilichopendekeza msimamizi. Anaweza kuwa mama, anaweza kuwa wewe. Na msimamizi sio mrithi wa vyote, kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu na kuwagawia wanaostahili. Ukishakuwa na barua ya mahakama mkiamua wenyewe kupunguza miti kadhaa tu kwa ajili ya ada, ni uamuzi wenu.

Usiende kwa baba mdogo na ugomvi. Yeye ndo alikushika bega 2019, basi mrudishie heshima hiyohiyo: baba, siku ile ulisema mbele ya watu, sasa naomba tukae tena mbele ya watu wale wale niwaeleze nilikofika. Daftari uwe nalo. Mtu anaweza kukataa kijana akimuomba peke yake uani, mbele ya ukoo na namba zimesomwa ni ngumu kidogo. Hata akitoa gunia moja la mahindi kwa ajili ya bibi, ni gunia ambalo hulinunui wewe. Akikataa kabisa napo utakuwa umejua, utaacha kumtegemea.

Kausha damu. Ulichukua 200,000 ukatakiwa urudishe 300,000 ndani ya siku 30, yaani nusu nzima ya ulichokopa imeliwa kwa mwezi mmoja. Usikope tena kulipa hiyo. Waulize leseni yao ya Benki Kuu, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe nayo, na waambie mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba utalipa 120,000 kidogo kidogo na iandikwe kwamba haiongezeki. Mikopo ambayo haina riba ni ile ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo vijana wametengewa asilimia 4, mnaenda mkiwa kikundi, na ilisimamishwa 2023 ila ikarudi, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kijiweni kwenu mko wangapi? Hiyo ni fursa ya wote.

Afisa huyohuyo muulize kuhusu bima. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, kaya ya watu sita ilikuwa 30,000 kwa mwaka, na sasa kuna mpango wa bima ya afya kwa wote unaotokana na sheria ya 2023, ujue nyumba yenu inaingia wapi. Na hospitali mkikwama kulipa msikimbie na mgonjwa, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii. Huyo wa chuo asome mwongozo wa Bodi ya Mikopo yeye mwenyewe, tangu 2023 kuna kozi za stashahada zinazokopeshwa zikiwemo baadhi za afya, sio zote, akikuta yake ipo aombe na asikusubiri wewe umjazie. Wa kidato cha nne akifaulu, ada ya cha tano na cha sita iliondolewa 2022, kwa hiyo jiandaeni na godoro, tranka na nauli, ada isikunyime usingizi.

Mchumba mwambie ukweli wote kama ulivyoniambia mimi, tena mlete nyumbani amsalimie mama. Miaka minne amekaa, ana haki ya kuchagua akiwa anajua.

Na lile la umeme wa magari mimi sijalisahau. Miaka 27 sio uzee. Pikipiki ikishakuwa yako usiku si lazima tena, ingia gereji jioni ujifunze kwa fundi, baadaye VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mtu aliyejifunzia kazini, wanakupima wanakupa cheti. Liandike kwenye daftari siku ya Jumapili, ukurasa wake peke yake, wadogo zako walione.

SWALI FUPI

Habari Dada. Niko chuo Morogoro mwaka wa mwisho, ananisomesha kaka yangu anauza duka la mtu Kahama. Kila nikimuuliza anasema yuko poa ila likizo niliyoenda nimeona amekonda na viatu ni vilevile vya mwaka juzi. Nikimwambia nipunguziwe hela anakasirika. Nifanyeje?

JIBU

Mdogo wangu, huyo ni kaka yangu mimi kabisa. Usimuulize kama yuko poa, atasema yuko poa. Muulize vitu vyenye jibu: jana usiku umekula nini, kodi ya chumba umelipa mpaka mwezi gani, unadaiwa na nani. Akikasirika mwache apoe halafu muulize tena kesho. Na usimwombe akupunguzie, jipunguzie mwenyewe kimyakimya, ukibakiwa hata na 5,000 kwenye simu mwisho wa mwezi mrudishie, na uweke na ya kutolea.